Uso Kwanza, Kanzu Baadaye

  Leo nimekuja na jambo la picha. Si picha za rangi zinazojaa simu zetu kila siku. Nataka tuzungumze juu ya picha ya mtu, picha ya uso, iliyo nyeusi na nyeupe, na namna ya kuipa uhai kwa programu ya kuhariri, iwe kwenye simu au kwenye kompyuta.

Huenda ukaniuliza: picha nyeusi na nyeupe za nini tena siku hizi? Basi inua macho utazame ukuta wa sebuleni kwenu. Jajja wako, babu au bibi, yuko pale, kavaa vizuri, anakutazama. Tazama pia maarusi: wapo wanaoomba albamu yao iwe na kurasa chache zisizo na rangi. Na ukienda msibani, ile picha kubwa inayosimamishwa karibu na jeneza mara nyingi imetolewa kwenye kitambulisho cha zamani au kwenye picha ndogo ya pasipoti, ikakuzwa kwa haraka usiku mmoja. Hapo ndipo moyo wangu unapouma. Mzee aliyeheshimiwa na kijiji kizima anaagwa kwa picha ambayo macho yake hayaonekani. Unaona kola ya shati, unaona kofia, na katikati ni giza. Watoto wanapita mbele ya picha ile na hawamwoni baba yao. Ndugu zangu, jambo hili linatengenezeka. Fundi mwenye simu ya kawaida anaweza kulitengeneza, ilimradi ajue kipi kianze na kipi kifuate.

Kwanza tujiulize: kwa nini uso unazama gizani?

Chukua mfano wa kwanjula, ile sherehe ya utambulisho kabla ya harusi. Bwana harusi amevaa kanzu nyeupe, na juu yake koti jeusi, kama ada yetu ilivyo. Mpiga picha anainua kamera. Kamera inapima mwanga unaorudi kutoka kwenye kila kilicho mbele yake, na inataka wastani wake ufike kwenye kijivu cha katikati, kile wapiga picha wanachokiita kijivu cha asilimia 18. Sasa kanzu iko juani, imejaa ndani ya fremu, inarudisha mwanga mwingi. Kamera inaona mwanga umezidi, inapunguza. Kanzu inatoka salama, uso ndio unaolipa gharama. Simu za kisasa zinajaribu kuutambua uso na kuuhurumia, lakini jua la saa saba mchana likipiga juu ya kitambaa cheupe, nazo hulemewa.

Hapo picha bado haijaharibika. Inaharibika inapofika mezani kwa mhariri. Anaitazama, anaona imefifia, anatafuta kile kidude cha kontrasti na kukisogeza kulia. Je, kontrasti ni nini? Ni umbali kati ya mwanga na giza ndani ya picha. Na kile kidude kinafanya nini? Sikilizeni vizuri hapa, maana ndipo kiini cha mazungumzo yetu kilipo. Kinachukua kila kilicho juu ya kijivu cha katikati na kukipandisha zaidi kuelekea weupe. Kinachukua kila kilicho chini ya katikati na kukishusha zaidi kuelekea weusi. Sasa niambie, uso wa mtu wa kwetu uko wapi katika picha hiyo? Uko chini ya katikati. Kwa hiyo unashushwa. Kanzu inageuka karatasi tupu isiyo na mkunjo hata mmoja, na uso unakuwa kama masizi ya sufuria.

Narudia kwa sababu jambo hili ni zito. Mtu mwenye ngozi nyeupe, uso wake uko juu ya katikati, na kidude kilekile kinamng'arisha. Kwa mtu mwenye ngozi nyeusi, kidude kilekile kinamzamisha. Ndiyo maana maelekezo mengi unayoyakuta, yale ya kusema "ongeza kontrasti, picha itapendeza", hayakuandikwa na mtu aliyekuwa akiutazama uso kama wako au wangu.

Na hili halikuanza na simu. Tangu miaka ya 1950 kampuni ya Kodak ilikuwa ikipeleka kwenye maabara za kusafishia picha za rangi kadi ya kulinganishia, yenye picha ya mwanamke mweupe. Kadi hizo zikajulikana kwa jina la Shirley. Fundi alirekebisha mashine yake mpaka Shirley atoke vizuri, kisha ndipo picha za wengine zilipopita. Ngozi yetu haikuwa kipimo cha mtu yeyote. Ilipita katika mashine iliyopimwa kwa mtu mwingine.

Lakini mafundi wetu wa picha nyeusi na nyeupe hawakukaa kungoja Kodak iwakumbuke. Katika chumba cha giza, taa ya mashine ya kukuzia ikiangaza karatasi, fundi aliweza kuingiza kiganja chake, au kipande cha karatasi ngumu kilichofungwa kwenye waya, akaukinga uso kwa sekunde chache. Penye kivuli cha mkono karatasi ilipata mwanga kidogo, na penye mwanga kidogo picha ilitoka nyeupe zaidi. Mkono ulitikiswatikiswa ili usiache alama. Huo ndio ujuzi wa enzi ya studio, enzi ya Capital Art Studio ya Zanzibar iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, enzi ya Musa Katuramu aliyepiga picha za watu wa Mbarara na Ankole. Programu ya leo inakupa mkono uleule. Tofauti ni kwamba ukikosea, unarudisha nyuma bila kupoteza karatasi.

Kuna jambo jingine kutoka hapahapa Kampala. Mwaka 2015, katika shirika letu la utangazaji, UBC, zilipatikana negativu takriban 70,000 zilizopigwa na wapiga picha wa serikali, nyingi zikiwa za wakati wa Idi Amin. Negativu hizo zikaanza kuingizwa kwenye kompyuta, na mwaka 2019 baadhi ya picha zikaonyeshwa katika Jumba la Makumbusho la Uganda, pale Kira Road. Zimo picha ambazo hazikuwahi kuchapwa wala kutolewa kwa umma hata siku moja. Nawatajia habari hii kwa sababu ina funzo la kazi. Negativu huhifadhi mengi kuliko karatasi iliyochapwa. Karatasi inaweza kuwa imemeza uso wote, na kwenye negativu uso upo, na mashavu yapo, na macho yapo. Kwa hiyo kabla hujaanza kuhangaika na ile karatasi iliyofifia, uliza nyumbani. Uliza shangazi. Ile bahasha ndogo ya mikanda ya negativu iko wapi? Ikipatikana, hiyo ndiyo ya kupeleka kwenye skana.

Sasa tuingie kazini. Kama una simu, programu ya Snapseed inatosha, na haina malipo. Kwenye kompyuta kuna GIMP, nayo haina malipo. Wenye Photoshop au Lightroom watayapata haya yote pia. Mimi sitawatajia vitufe kimoja kimoja, maana vinabadilika kila toleo. Nitawaeleza kinachofanyika, nawe utakitafuta.

Jambo la kwanza: usikimbilie kuondoa rangi. Kama picha imepigwa kwa rangi, rangi hizo ni mali. Ngozi ya kahawia inarudisha mwanga mwekundu kwa wingi, na mwanga wa bluu kidogo sana. Programu inapogeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe, inakuruhusu kuchagua isikilize rangi gani zaidi. Ukiiambia isikilize nyekundu, uso unapanda wenyewe, na vidoa vya chunusi vinapoa. Ukiiambia isikilize bluu, uso unashuka na kila kitundu cha ngozi kinajitokeza. Unaona? Hujagusa kontrasti bado, na uso umeshatoka gizani. Ila usiende mpaka mwisho wa nyekundu, maana midomo itapauka na uso utakosa nguvu. Rangi ya chungwa, iliyo kati ya nyekundu na njano, kwa kawaida ndiyo inayokaa vizuri kwenye nyuso zetu.

Fikiria sasa mama aliyevaa gomesi ya bluu. Ukisikiliza nyekundu, gomesi inazama, uso unapanda, na mama anasimama mbele ya nguo yake. Je, gomesi ikiwa nyekundu? Hapo itapanda pamoja na uso na kushindana nao. Basi rudi kwenye njano, au hata kijani kidogo, utazame ni wapi vitu hivi viwili vinapoachana. Hakuna kanuni moja ya nguo zote. Inabidi ujaribu na kutazama.

Na picha ya zamani, iliyozaliwa bila rangi? Hiyo nayo iskani kwa rangi. Najua inashangaza, lakini sababu ipo. Karatasi ya zamani imegeuka njano, ina madoa ya chai na maji ya mvua. Manjano hayo yanaonekana sana katika sehemu ya bluu ya picha, na karibu yanapotea katika sehemu nyekundu. Ukichukua sehemu nyekundu peke yake, umeshafanya nusu ya usafi. Na kama picha imetoka kwenye kitambulisho, ina muhuri wa wino wa bluu uliopita juu ya shavu, fanya kinyume: chukua sehemu ya bluu, muhuri utafifia. Wengi hawalijui hili, wanakaa usiku kucha wakifuta muhuri kwa mkono, na wanafuta na shavu pia.

Jambo la pili: weka miisho yake. Katika programu kuna mchoro wenye vilima, unaoitwa histogramu. Kushoto ni weusi, kulia ni weupe. Picha iliyofifia, vilima vyake vimejikunja katikati na pembeni pako patupu. Sogeza alama ya weusi hadi vilima vinapoanzia, na alama ya weupe hadi vinapoishia. Usipite hapo. Weusi kabisa uachie mboni ya jicho, tundu la pua, kivuli ndani ya koti. Weupe kabisa uachie nukta ya mwanga ndani ya jicho, labda na ukingo wa kola. Ngozi isiguse mwisho wowote kati ya hiyo miwili.

Jambo la tatu ndilo lililonifanya nije studio leo. Kuna chombo chenye mstari wa mshazari, unaotoka pembe ya chini kushoto kwenda pembe ya juu kulia. Chini kushoto ni giza la picha, juu kulia ni mwanga wake. Mstari huo unaushika kwa kidole na kuupinda. Na siri yake ni hii: mstari unapopanda kwa ukali, hapo ndipo penye kontrasti. Unapolala, hapo kontrasti imepungua. Basi tafuta uso uko sehemu gani ya mstari. Gusa shavu lenye kivuli, programu nyingi zitakuonyesha mahali pake. Weka nukta hapo, uiache ilipo. Kisha tafuta paji la uso, sehemu yenye mwanga. Weka nukta ya pili, na hiyo uinue taratibu. Kati ya nukta hizo mbili mstari umekuwa mkali. Mfupa wa shavu unaachana na bonde lake, pua inasimama, na mstari wa taya unaonekana.

Utagundua kwamba juu kidogo, kule iliko kanzu, mstari umelala. Mikunjo ya kanzu imepoa kidogo. Usiogope! Kontrasti haiongezwi bure. Ukiipeleka usoni, umeitoa mahali pengine. Kazi ya mhariri ni kuamua itoke wapi. Na mimi nasema itoke kwenye kanzu, kwenye koti, kwenye ukuta wa nyuma. Uso kwanza, kanzu baadaye. Hakuna aliyekuja kwenye picha ile kutazama kitambaa.

Baada ya hapo ndipo tunafika kwenye ule mkono wa chumba cha giza. Programu ina burashi ya kung'arisha sehemu ndogo, na Snapseed ina nukta unayoiweka mahali fulani na kupandisha mwanga wa hapo tu. Iweke chini ya macho, ambapo jua la juu huacha mashimo. Iweke kwenye shavu la upande wa kivuli. Tumia nguvu kidogo na burashi laini, upite mara nyingi badala ya mara moja kwa nguvu. Weupe wa macho uinue kidogo mno, maana jicho la mtu halikuwahi kuwa jeupe kama karatasi, na ukilifanya hivyo mtu anaonekana ameshtuka.

Hapa nina neno kwa mafundi wa studio, na nalisema kwa upendo. Kuutoa uso gizani ni jambo moja. Kumfanya mtu kuwa mweupe ni jambo lingine. Mteja akikuletea picha ya mama yake, anamtaka mama yake, mwenye weusi wake aliozaliwa nao. Ukitaka kujua kama umevuka mpaka, tazama picha ya pamoja ya familia. Kama kaka alikuwa mweusi kuliko dada, baada ya kuhariri abaki mweusi kuliko dada. Ukiona wote wamefanana, umekwisha kuwapotosha. Na ile hali ya urembo iliyomo kwenye simu nyingi, inayolainisha ngozi na kuipausha bila kukuuliza, izime kabla hujapiga picha ya mtu yeyote. Inafuta alama za mtu: kovu la utotoni, mikunjo ya kicheko. Hizo ndizo zinazotufanya tumtambue.

Sasa turudi nyuma kidogo, kabla ya programu, kwenye mwanga wenyewe. Hapa Luzira tuna mwalimu ambaye wengi wetu hatumjui. Mwaka 1929, kwenye kilima chetu hiki, katika ardhi ya gereza, wafungwa waliokuwa wakichimba walifukua vipande vya sanamu ya udongo wa kuchoma, kikiwemo kichwa cha mtu. Leo kichwa hicho kipo London, katika British Museum, na duniani kote kinajulikana kwa jina la mtaa wetu. Natamani siku moja watoto wa Luzira wakione kwa macho yao, si kwenye kitabu. Lakini fikiria jinsi ya kukipiga picha. Udongo ule ni wa rangi moja. Hauna nguo nyeupe wala nywele nyeusi za kukusaidia. Ukikimulika kwa flashi kutoka mbele, unapata donge. Ukileta mwanga kutoka ubavuni, uso unatokea: jicho linapata kina, mdomo unapata ukingo. Kontrasti yote ya sura ile inatoka kwenye upande mwanga unakotoka, na programu yoyote ile haiwezi kuitengeneza kama mwanga haukuiandika.

Kwa hiyo unapopiga picha ya jajja, usimsimamishe uwanjani saa saba. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, jua la mchana liko utosini, na macho ya mtu yanageuka mashimo. Mketishe barazani, kivulini, ubavu mmoja ukielekea upande ulio wazi, kule mwanga unakoingia. Usiwashe flashi. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu ili kamera ipime hapo, si kwenye kanzu. Dakika mbili za kumpanga vizuri zitakuokoa saa nzima ya kuhariri.

Na ukimaliza kuhariri, usichape papo hapo. Kioo cha simu kina taa nyuma yake, karatasi haina. Picha inayong'aa kwenye simu mara nyingi hutoka na giza kwenye karatasi. Punguza mwanga wa kioo hadi katikati, uitazame tena. Kisha ukifika Nasser Road, au popote unapochapia, omba kwanza chapa ndogo ya majaribio, uitoe nje mlangoni, uitazame kwa mwanga wa mchana. Kama macho yanaonekana ukiwa umenyoosha mkono, endelea na ile kubwa. Kama hayaonekani, rudi kwenye ule mstari wetu wa mshazari, inua ile nukta ya paji la uso kidogo tena.

Kabla sijawaaga, mambo mawili madogo ambayo wasikilizaji huuliza kila mara. La kwanza, usihifadhi kazi yako juu ya picha ya asili. Hifadhi kama nakala, ile ya asili ibaki kama ilivyo, maana mwaka kesho utakuwa na jicho bora zaidi, na programu bora pia. La pili, ipe nakala hiyo jina la mtu, jina la mahali na mwaka kama unajulikana. Na kwenye karatasi ya zamani, andika nyuma kwa penseli laini, bila kukandamiza, leo hii wakati bibi bado yupo wa kukuambia yule aliyesimama kushoto ni nani.